Swali la Daktari wa Meno

Jino la Mbaraka lilianza kuuma wakati wa kuvuna mpunga wa bondeni, na kijiji kizima cha Msimbu kikajua, kwa sababu mtoto yule hakuwa mtu wa kuugua kimya. Alimlilia mama yake, akawalilia majirani, akamlilia hata mbuzi. Shavu la kushoto lilivimba mpaka jicho likabaki ufa. Siwema, mama yake, aliweka karafuu, akaweka chumvi, akaweka utomvu wa mpapai aliopewa na jirani yake Swaumu, na kila asubuhi alimwambia mtoto afungue kinywa. Mle ndani, kwenye gego la chini, palikuwa na tundu jeusi la kutosha kuingia punje ya mtama.

"Kitendawili," Mbaraka alisema asubuhi moja, kinywa wazi, maneno yakitokea upande.

"Tega."

"Ng'ombe wangu weupe wamo katika zizi jekundu. Mmoja tu ni mweusi, na huyo mmoja anawanyima wenzake malisho."

"Meno yako, na hilo bovu."

"Umejuaje?"

"Linalia humu ndani kunizidi mimi, nisilijue?"

Hakucheka, wala Mbaraka hakutegemea acheke. Tangu apate akili alimjua mama yake hivyo: mkono wake laini, chakula chake kwa wakati, ila uso wake kama nyumba ambayo wenyewe wamekwenda safari na wamefunga vizuri.

Watu wazima waliijua sababu, nao hawakuitaja. Zamani kidogo, Mbaraka akiwa bado anatambaa, kaka yake Kondo alipelekwa kumbini, kule porini wavulana wanakotahiriwa na kufundwa. Mama hafiki kumbini. Mama hupika, hujaza bakuli lake, mlezi wa wari, vijana walioko kumbini, huja njiani kulichukua, na jioni bakuli hurudi tupu. Likirudi tupu, mwana yuko. Zaidi ya hapo haulizi. Mambo ya kumbini si ya wanawake. Hayaulizwi, hayasemwi, na mwanamke mwenye adabu hata kuyafikiri hayafikiri.

Bakuli la Siwema lilirudi limevunjwa, likawekwa mlangoni kifudifudi. Ndivyo mama anavyoambiwa. Na sheria ni kwamba asilie mpaka siku wari wote watakapotoka, mama wengine wasije wakaingiwa na hofu. Basi Siwema aliendelea kupika. Alipika pamoja na wenzake, akaimba nao nyimbo za kuwatia wana nguvu, akapiga vigelegele palipotakiwa vigelegele. Siku wari walipotoka, wameng'aa mafuta na nguo mpya, na kila mama anamkimbilia wake, mtu mmoja alimgusa bega akamwambia, haya sasa, lia. Siwema akatafuta ndani yake. Hakukuta kitu.

Mumewe alikufa kwa homa baadaye, na huko nako alitafuta, hakukuta kitu.

Aliyebaki wa kuwatazama yeye na Mbaraka ni kaka yake, Mwishehe, ambaye ndiye aliyekuwa mlezi wa wari mwaka ule wa Kondo. Mwishehe alikuwa mtu mwema, mwenye baiskeli. Alileta mihogo, alileta samaki mkavu, lakini hakukaa. Aliegemeza baiskeli kwenye mnazi, akauliza hali akiwa amesimama, akapanda akaenda zake. Na kila mwaka kumbi ilipotajwa, ni yeye aliyewaambia wazee kwamba Mbaraka bado mdogo, Mbaraka ana homa, Mbaraka magoti yamevimba. La magoti lilikuwa kweli. Mtoto yule akijikwaa kidogo goti lilijaa kama boga, na mwili wake haukukosa madoa ya kijani. Watu walisema ana damu nyepesi, wakaishia hapo.

Daktari wa meno alikuja Kisarawe mara moja moja kutoka Dar es Salaam, na habari ya kuja kwake ilitangulia. Siwema alimfunga Mbaraka shavu kwa kipande cha kanga, wakashika njia kabla jua halijawa kali. Njiani mtoto alisahau maumivu kidogo.

"Kitendawili."

"Tega."

"Ameingia nyumbani kwangu bila hodi, ametoka na mwenye nyumba."

Siwema alikuwa anatazama miguu yake. "Sijui."

"Nipe mji."

"Chukua Mlandizi."

"Mlandizi siutaki, una mbu."

"Maili Moja basi."

"Maili Moja si mji, mama, ni jiwe la kuhesabia maili! Nipe mji wa kweli."

"Chukua Kisarawe, na boma lake, na bendera yake."

"Haya, nimekwenda, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Ni daktari wa meno. Anaingia kinywani, anatoka na jino." Kisha, hatua chache mbele: "Mama, inauma?"

"Wanachoma sindano ya ganzi. Hutasikia kitu."

"Kabisa?"

"Kabisa," Siwema akasema, na sauti yake haikuwa na uzito wowote.

Daktari alikuwa Mzungu kijana, mwembamba, masikio yameungua jua. Alizungumza Kiswahili cha kitabu, kila neno limekaa peke yake kama mtu asiyemjua jirani yake. Pembeni alisimama Husseini, dresa, yaani mfunga vidonda, mwenyeji wa hapo hapo Kisarawe, aliyemshikia sinia ya vyombo. Nje ya mlango watu walijaa kwenye benchi, kila mmoja na shavu lake, wakisikiliza yanayosemwa ndani kana kwamba wamelipa kiingilio.

Daktari hakuwa na pupa. Alimkalisha Mbaraka, akatazama jino, akatazama mengine, akaona na doa la kijani kwenye mkono. Akauliza, "Hapa amepigwa?"

"Hapana. Ni mwili wake. Anaguswa tu."

"Akijikata, damu inasimama upesi?"

Siwema alifikiri. Alikumbuka mwiba wa mwaka jana, ulioleta damu tangu kifungua kinywa mpaka adhana ya alasiri. Lakini ilisimama. "Inasimama," akasema.

"Ametahiriwa?"

Benchi la nje likawa kimya ghafla. Husseini alikohoa, akageuza uso dirishani.

"Bado."

"Ana ndugu wa kiume?"

"Alikuwa naye."

"Huyo ndugu, alipotahiriwa, alitoka damu nyingi? Au mjomba? Kuna mtu kwenu alikatwa, damu ikakataa kusimama?"

Husseini akasema kwa Kiingereza neno fupi, la chini. Daktari akatikisa kichwa, akamngoja Siwema. Alikuwa ameuliza kwa adabu yote ya kwao, na kwao mtu anaweza kumuuliza mwanamke jambo lile mchana kweupe.

Siwema aliitazama sakafu ya saruji. Hakujua Kondo alikufaje. Alichojua ni bakuli. Alijua pia kwamba katika ujana wa mama yake bakuli jingine lilirudi hivyo hivyo, la bibi yake mzaa mama, na jina la kijana wa bakuli hilo lilikuwa Mwinyimadi. Hayo mawili hakuwahi kuyaweka pamoja, kwa kuwa kuyaweka pamoja kungekuwa kuifikiri kumbi. Angeweza kusema sijui. Lakini sijui huzaa swali jingine, na nje kule watu wamenyamaza kusikia mwanamke wa Msimbu atasema nini juu ya mambo ya wanaume.

"Hapana," akasema. "Kwetu hakuna mtu wa namna hiyo."

Daktari akachukua sindano.

Jino lilitoka bila vita. Mbaraka alishangaa kuliko kuogopa. Alilibonyeza shavu lake kwa kidole, akasema, "Mama, hili shavu si langu. Nalishika, halinijui." Siwema alimtazama kidogo zaidi ya kawaida yake, kisha akamfuta mate. Walipewa pamba ya kung'ata, wakaambiwa wakae kivulini kwanza. Damu ikatulia. Husseini akawaambia nendeni, asile cha moto, basi wakaenda.

Jioni ile ile pamba ya kinywani ililowa tena.

Haikuwa damu ya kutisha. Ingekuwa ya kuruka, watu wangekimbia. Hii ilikuwa inavuja tu, pole pole, kama mtungi wenye ufa usioonekana. Asubuhi Mbaraka aliamka na donge jeusi limening'inia penye pengo, laini kama ini. Swaumu jirani akasema, "Huo uchafu utoe, shoga, ndio unaozuia pasipone." Wakalitoa. Wakamsukutulisha maji ya chumvi. Wakaweka majivu, wakaweka majani ya mpera yaliyotafunwa, wakaweka utando wa buibui kutoka darini. Kila dawa ilisimamisha kidogo, kila donge likaota tena, nao wakalitoa tena, na nyuma yake ilikuja damu mpya, nyekundu, yenye afya kuliko mtoto mwenyewe.

Siwema alifua. Alifua kanga ya kulalia, akaanika, akaleta nyingine, akafua hiyo. Alimwaga kibuyu cha mate nyuma ya nyumba, akakisuuza, akakirudisha. Mikono yake ilifanya kazi vizuri. Aliitazama ikifanya kazi. Alijua kwamba mahali fulani pana mama anayeona mtoto wake anakwisha, na mama huyo ingempasa apige kelele; lakini alikuwa mbali naye, kama anayeona shamba la mtu ng'ambo ya bonde linawaka moto.

"Shoga, husikii?" Swaumu alimwambia, kwa ukali wa mtu aliyeogopa. "Mtoto midomo imekuwa kama chokaa! Wewe unakung'uta kanga!"

"Nasikia," Siwema akasema. "Ila itasimama. Kila damu husimama."

Mwishehe alifika siku hiyo na mihogo nyuma ya baiskeli. Aliiegemeza kwenye mnazi kama kawaida, akasema hodi akiwa amesimama kule kule. Akaona kibuyu. Akaona kamba ya kuanikia na kanga zake.

"Nani anaumwa?"

"Mbaraka. Ni jino. Waliling'oa bomani."

"Lini?"

"Kabla ya Ijumaa."

"Na hii damu ni ya tangu hapo?"

"Ni ya tangu hapo."

Mwishehe aliacha baiskeli ikaanguka, mihogo ikatawanyika. Aliuvuka uwanja, akaingia ndani bila kuvua viatu, akamfunua mtoto ulimi kwa kidole gumba. Alipotoka alikaa chini, palepale mlangoni, kwenye vumbi. Miaka yote ile alikuwa hajakaa hapo.

"Mfunge," akasema. "Twende mjini. Sasa hivi."

"Husseini wa bomani alisema..."

"Husseini hajui."

"Wewe unajua?"

Mwishehe aliinuka. Akaenda kuinua baiskeli.

Walimpakia Mbaraka kwenye baiskeli, Mwishehe akaisukuma, Siwema akamshika mtoto mgongo. Kisarawe walipata lori la nazi linaloshuka Dar es Salaam. Abiria wa juu walisogea, mmoja akauliza mgonjwa ana nini, na alipoambiwa jino, akacheka.

"Jino tu? Mimi langu nililifunga uzi, nikaufunga uzi kwa mbuzi, mbuzi akapigwa kofi. Kwisha!"

"Na mbuzi alipona?" mwanamke mmoja akamuuliza. "Maana kwa pumzi hiyo ya kinywa chako sijui." Watu wakacheka. Kisha mwanamke yule akakiona kile kitambaa Mbaraka alichoshikilia mdomoni, akavua ushungi wake akampa Siwema bila neno, na hakuna aliyecheka tena mpaka mjini.

Hospitali ilikuwa kubwa, na daktari waliyeletewa mwisho wa yote alikuwa yule yule mwenye masikio yaliyoungua. Alimtambua mtoto, akamtambua na mama. Alimtazama kinywani kwa taa, akampima mapigo ya mkono, akawatuma watu huku na huku. Ndipo alipomgeukia Siwema.

"Mama, mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza," Siwema akasema.

"Nakuuliza tena. Mtoto huyu akifa, atakufa kwa sababu mimi sijui. Kuna mtu kwenu..."

"Usimuulize huyu," Mwishehe akasema. "Niulize mimi. Lakini kwanza dada yangu atoke."

"Mama abaki. Anamjua mtoto."

"Bwana daktari, hayo siyasemi mbele yake."

"Basi sema ukutani," daktari akasema, na Kiswahili chake kilikuwa kimeishiwa uvumilivu. "Lakini sema upesi."

Mwishehe aligeuka akaupa uso ukuta. Ulikuwa ukuta mweupe wenye msumari mmoja. Akauambia.

"Alikuwa anaitwa Kondo. Alikatwa asubuhi pamoja na wenziwe. Jua lilipopanda wenziwe walikuwa wamekauka, yeye hakukauka. Tuliweka dawa ya ngariba. Tukafunga, tukafungua, tukafunga. Ilikuwa hivi hivi, haikuruka, ilivuja tu. Alilala mikononi kwangu kutwa, na kesho yake kutwa. Ulimi ukawa mweupe. Halafu akafa. Na mjomba wetu, Mwinyimadi, sikumwona, lakini wazee walisema alikwenda njia hiyo hiyo. Ngariba akasema kisu hakina kosa. Akasema ni mama yake mtoto kavunja mwiko, katia chumvi kwenye chakula cha kumbini. Wazee wakakubali. Na mimi sikubisha."

Siwema alikuwa ameshika kibuyu cha mate kwa mikono miwili. Maneno yalimfikia moja moja, akayaweka mahali, kama anayepokea vyombo kutoka kwenye nyumba inayohamwa. Damu. Mikononi kwangu. Chumvi. Hakuwa ametia chumvi. Hilo alilijua vizuri, alikuwa mtu wa kuonja mara mbili.

"Kila mwaka nimemkwepesha huyu na kumbi," Mwishehe aliuambia ukuta. "Niliogopa kisu. Koleo la meno sikuliogopa. Sikujua ni jambo moja."

"Ni jambo moja," daktari akasema. "Si mwiko wala si chumvi. Ni damu ya ukoo, mtu anazaliwa nayo, haijui kuganda. Kaka yake alikuwa nayo, mjomba wenu alikuwa nayo, na huyu anayo."

"Na huyu," Siwema akasema. "Na huyu atakufa?"

"Sasa kwa kuwa nimejua, tutajaribu."

Walichofanya Siwema alikiona chote, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumtoa. Hawakuliosha tena lile donge kwa maji ya chumvi. Daktari alilitoa mara moja tu, mwenyewe, polepole, akajaza pengo kwa kitambaa chembamba chenye dawa. Hakushona, akasema kila tundu la sindano ni kidonda kipya. Ganzi nayo hakuchoma. Alisema sindano ile ya kwanza, iliyoingia ndani ya taya, ilikuwa hatari kuliko jino lenyewe, kwa sababu damu ingeweza kujaa shingoni ikamziba pumzi, na aliposema hivyo alijifuta paji la uso. Mbaraka aliyasikia maumivu yote. Alishika kidole cha mama yake, na kila chombo kilipogusa alikiminya.

Kisha wakataka damu. Dawa yenyewe ilikuwa damu ya mtu mzima, mbichi, isiyohifadhiwa. Walipima ya Siwema, haikupatana na ya mtoto. Ya Mwishehe ikapatana. Wakamlaza kwenye kitanda cha pili, mkono umenyooka, na chupa ikajaa mbele ya macho yake.

"Mjomba," Mbaraka alinong'ona, "inauma?"

"Wewe nyamaza, umeambiwa usiseme."

"Nikiwa na damu yako nitajua kupanda baiskeli?"

"Utajua kuanguka. Nyamaza."

Daktari alibana nta laini kwenye meno ya mtoto kuchukua umbo lake, akaondoka nayo, akarudi na kifuniko kidogo kigumu, cha rangi ya ufizi, kilichokaa sawasawa juu ya pengo ili ulimi usichezee kidonda. Ulimi wa Mbaraka haukuwa na kazi nyingine, kwa hiyo kifuniko kilifika kwa wakati. Akalazwa kichwa juu, akanyweshwa maziwa ya baridi kwa kijiko. Hakuna kusukutua, hakuna kutema. Damu ikavuja bado, kidogo. Chupa nyingine ikatolewa kwa Mwishehe, na baada yake kwa mtu mwingine, mchukuzi wa hospitali ambaye Siwema hakupata kumjua jina.

Asubuhi moja muuguzi alifunua, akatazama, akamwita mwenzake. Kitambaa kilikuwa kikavu. Wakangoja mpaka mchana. Kilikuwa kikavu.

Mwishehe, aliyekaa sakafuni, aliinamisha kichwa kwenye magoti akalia kwa sauti, mwanamume mzima, wagonjwa wakimtazama. Siwema alisimama karibu naye. Aliweka mkono juu ya kofia yake, akauacha hapo. Alisikia nyuzi za kofia chini ya kiganja, na joto la kichwa. Na hayo yalikuwa mengi kwa siku moja.

Kabla hawajaruhusiwa daktari aliwaita wote wawili. Hakumtaka Mwishehe auangalie ukuta.

"Huyu mtoto ana meno mawili mengine yaliyoanza kuoza," akasema. "Hayo sitayang'oa. Nitayaziba. Mtamleta kila baada ya mavuno, hata kama haumwi, ili tuwahi kabla jino halijaoza. Apige mswaki laini kila siku. Mkikosa kingine, kitambaa na maji. Meno ya utoto yanayolegea yaacheni yaanguke yenyewe, msivute. Na ikibidi jino kung'olewa siku yoyote ya maisha yake, ni hapa, kitandani, damu ya mtu iko tayari. Kisu cha kumbi, kamwe. Mwalimu wake aambiwe. Ngariba aambiwe."

"Ngariba nitamwambia mimi," Mwishehe akasema.

"Kitu kingine. Ugonjwa huu hupita kwa wanawake. Wenyewe hauwaumi, lakini wanaupokea na kuupeleka kwa wana wao. Mama, una binti?"

Siwema alikuwa na binti, Zena, mkubwa kuliko Kondo, aliyeolewa Gwata, ng'ambo ya barabara ya Morogoro. Zena alikuwa na mtoto wa kiume, ndiyo kwanza anaanza kukaa.

"Ninaye," akasema.

"Basi unajua utakalomwambia."

Mwishehe alimchukua Mbaraka wakarudi Msimbu. Siwema alikwenda Gwata peke yake. Alipanda gari la barabara ya Morogoro, akashuka Mlandizi, akaingia njia ya miguu kati ya mashamba ya mihogo, na njia nzima alijaribu maneno. Kila alipoyapanga yalikaa vizuri, na kila alipoyatamka kwa sauti ndogo yalitoka kama ya mtu mwingine. Kutamka neno kumbi tu kulimfanya aangalie nyuma.

Gwata aliwakuta jikoni. Zena anachekecha unga. Mkwewe, Bi Biasha, mwanamke mnene wa maneno mengi, amempakata mjukuu mapajani.

"Karibu, karibu! Mwenzangu, mbona umekuja mikono mitupu na uso kama umetoka kuzika? Au Msimbu mihogo imekwisha?"

"Mihogo ipo. Hamjambo?"

"Shikamoo mama," Zena akasema, akaacha chekeche.

"Marahaba. Kaa, Zena. Usikae mbali." Naye Siwema akakaa kwenye kibao, na kwa kuwa alijua akianza na habari za mavuno hatafika, alianza na jambo lenyewe. "Kaka yako Kondo alikufa kwa damu. Walimkata kumbini, haikusimama..."

"Astaghfirullah!" Bi Biasha akaruka. "We mwanamke! Hayo yanasemwa jikoni? Mbele ya mkwe wangu, mbele ya mtoto?" Akainuka na mjukuu wake, akatoka nje akijiziba sikio moja, maana mkono mmoja ulikuwa na mtoto.

Siwema hakumfuata. Aliongeza sauti kidogo, basi, ili imfikie huko nje. Akaeleza: jino la Mbaraka, swali la daktari, jibu lake la uongo ambalo hakujua kuwa ni uongo, baiskeli, chupa, na siku mbili za Kondo mikononi kwa Mwishehe. Akasema ni damu ya ukoo na inapita kwa mama. Akasema hakutia chumvi. "Mtoto wako huenda anayo, huenda hana. Lakini asikatwe, asitobolewe, asing'olewe jino, mpaka daktari amtazame. Akikuuliza swali, mwanangu, usiangalie sakafu. Jibu."

Zena hakulia. Alikuwa mtoto wa mama yake. Alikuwa mkubwa wa kutosha mwaka ule kumwona akiimba na wenzake. Unga ulikuwa umemkauka mikononi, akawa anausugua utoke.

Kivuli kikaziba mlango. Ni Bi Biasha, amerudi, mjukuu begani. Hakumtazama Siwema usoni.

"Huyu," akasema, "meno yake ndiyo yanaota. Jana ufizi ulitoka damu kidogo aliponing'ata bangili. Kidogo tu, ikakoma. Ndiyo hiyo?"

"Ikikoma yenyewe, labda siyo. Sijui. Kesho tumpeleke wakamwone."

"Tutampeleka sote," Bi Biasha akasema, akakaa, akamlaza mtoto mapajani pa Siwema kana kwamba tayari ni mgonjwa na Siwema ndiye mganga. Mtoto akakamata kidole cha Siwema, akakitia kinywani, akakitafuna. Kilikuwa kijino kimoja, kikali kama ukingo wa kauri.

"Mama," Zena akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Zile siku mbili. Mikononi kwa mjomba. Kondo aliita nani?"

Siwema akafungua kinywa kumjibu. Alikuwa amekaa na Mwishehe hospitali, kitanda kwa kitanda, amekula naye sahani moja, na swali hilo halikumjia. Alijua idadi ya vitambaa. Alijua rangi ya chupa. Hakujua kama mwanawe alimwita.

"Sikuuliza," akasema.

Zena akangoja. Mtoto akaendelea kutafuna kidole, na kilikuwa kinauma, kinauma kweli, lakini Siwema hakukitoa.